Kuku wa Kukaanga kwa Chakula cha Jioni Nyumbani

(Mazungumzo kwa ajili ya mikutano ya elimu ya vyama vya msingi)



Huenda wapo watakaostaajabu kuona Ushirika, ambao kazi yake ya kila siku ni mizani, stakabadhi na malipo ya wakulima, umeingia jikoni na kuanza kuzungumza habari za kuku na sufuria. Lakini kanuni ya tano ya ushirika ni elimu, mafunzo na habari, wala kanuni hiyo haikusema kwamba elimu ikomee kwenye daftari la mauzo. Mkulima huuza mazao ili nyumba yake ishibe. Ikiwa chama kinajua ni kilo ngapi za alizeti zilizotoka katika shamba la mwanachama, lakini hakuna ajuaye kilichoingia katika chungu chake, basi nusu ya hesabu haijaandikwa.

Katika mikoa ya Singida na Dodoma hakuna haja ya kumweleza mtu kuku wa kienyeji ni nini. Kuku wa Singida wanajulikana hata Dar es Salaam, ambako hupelekwa katika matenga. Alizeti ya mikoa hiyo nayo hukamuliwa mafuta, yakapangwa kandokando ya barabara kuu katika madumu na chupa, yakimngoja msafiri. Kwa hiyo nyumba nyingi za huko zina vitu vyote viwili vinavyotakiwa kwa kuku wa kukaanga, yaani kuku mwenyewe na mafuta yake. Hata hivyo, katika nyumba hizo hizo kuku wa kukaanga ni chakula cha mgeni, cha Idi, cha Krismasi na cha harusi. Siku nyinginezo kuku huuzwa, na fedha zake hununua sukari, sabuni na madaftari ya shule.

Si kosa kuuza kuku. Kuku ni akiba iliyo karibu kuliko zote. Mtoto akiugua usiku, kuku wawili wakiuzwa alfajiri huwa nauli ya kwenda hospitali. Jambo linalostahili kufikiriwa ni pale nyumba inapowauza wote na kubaki na manyoya uani. Uchunguzi wa hali ya afya uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri wao. Ajabu ni kwamba mkoa ulioongoza ulikuwa Iringa, ambako zaidi ya nusu ya watoto walikutwa katika hali hiyo, na mikoa ya Njombe na Rukwa ikafuata. Nayo ndiyo mikoa inayosifiwa kwa kulisha nchi mahindi, viazi na maharage. Udumavu una sababu nyingi, zikiwamo maradhi, maji machafu na afya ya mama kabla ya kujifungua, wala mtu asidanganywe kwamba paja moja la kuku litauondoa. Lakini sababu mojawapo ni ugali wa kila siku usioandamana na nyama, samaki, mayai wala maziwa. Sababu hiyo angalau imo katika uwezo wa nyumba yenye kuku.

Hapa aghalabu husikika pingamizi moja, nalo si la kupuuzwa: kwamba wakianza kuliwa, kuku watakwisha. Ifanywe hesabu, kwa kuwa makatibu ni watu wa hesabu. Ichukuliwe nyumba yenye mitetea watano. Kila mtetea akiangua mara mbili tu kwa mwaka, vifaranga kumi kila mara, hao ni vifaranga mia moja. Nusu wakipotea kwa mwewe, baridi na paka, watabaki hamsini, na karibu nusu ya hao watakuwa majogoo. Majogoo ishirini na watano hawana kazi katika kundi hilo, maana jogoo mmoja huwatosha mitetea kumi. Basi nyumba hiyo ikichinja pora mmoja kila mwezi, itakuwa imekula kumi na wawili tu. Itabaki na kumi na watatu wa kuuza, pamoja na majike yote.

Hesabu hiyo huharibiwa na adui mmoja, naye ni mdondo. Ugonjwa huo ukiingia kijijini huweza kumaliza karibu kundi zima katika siku chache. Chanjo yake iko. Ile iitwayo I-2 huvumilia joto kuliko chanjo za zamani. Hudondoshwa tone moja katika jicho la kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Taabu ni kwamba kichupa kimoja hutosha kuku wengi sana, na kikishafunguliwa hakiwekwi muda mrefu. Mwenye kuku kumi na wawili hawezi kukinunua peke yake bila kumwaga sehemu kubwa. Hapo ndipo mahali pa Katibu. Chama kinachoweza kukusanya magunia ya nyumba mia mbili katika ghala moja hakiwezi kushindwa kukusanya kuku wa nyumba ishirini katika asubuhi moja, kila mwenye kuku akachangia sehemu yake ya bei ya kichupa. Jambo la kuangaliwa ni kuwachanja kuku walio wazima kabla ugonjwa haujafika, kwa maana chanjo si dawa ya kuku aliyekwisha kuugua.

Sasa yafuata mambo ya jikoni yenyewe. Mfano uliochukuliwa ni pora mmoja na nyumba ya watu wanane: baba, mama, bibi mzaa baba, na watoto watano, wa mwisho akiwa na miaka miwili.

Kuku wa kuchinjwa ni pora wa miezi mitano hadi saba, aliyeanza kujaribu kuwika. Asichinjwe mtetea anayetaga, wala mwenye vifaranga. Kuku mgonjwa asichinjwe kabisa. Iko desturi mbaya ya kukimbilia kisu mara kuku wanapoanza kujikunyata, kuharisha kijani na kupinda shingo, ili wasife bure. Karamu ya namna hiyo ni ya hasara, kwa sababu damu, manyoya na matumbo yaliyotupwa ovyo huupeleka ugonjwa mpaka kwa jirani ambaye kuku wake walikuwa wazima. Kadhalika kuku aliyepewa dawa za maradhi hana budi kungojewa hadi zimalizike siku zilizoandikwa katika karatasi ya dawa.

Katika vijiji ambamo Waislamu na Wakristo hukaa pamoja, imekuwa desturi nzuri Mwislamu aitwe kuchinja, ili jirani yeyote atakayepita aweze kukaribishwa bila wasiwasi. Baada ya kuchinjwa, kuku hutumbukizwa kwa muda mfupi katika maji ya moto yaliyokaribia kuchemka, akanyonyolewa, kisha akababuliwa kwa mwali wa moto ili vinyweleo viishe. Tumbo hupasuliwa kwa uangalifu nyongo isipasuke, maana ikipasuka nyama yote iliyoguswa huwa chungu. Firigisi hupasuliwa, ikatolewa ile ngozi ya manjano ya ndani pamoja na mchanga wake. Usafishaji wote huu ufanyike mbali na vyombo vya chakula kilicho tayari. Kisu na ubao uliokatiwa nyama mbichi usikatiwe nyanya za kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni na maji ya moto. Afadhali zaidi kachumbari ikatwe kwanza.

Ukataji wataka utulivu. Anayekata kwa panga huvunja mifupa, na vipande vyake vya ncha kali ni hatari kwa watoto. Kuku hukatwa penye maungio: kisu kikipita kwenye kiungo, mguu huachana na mwili bila kugombana. Hupatikana mapaja mawili, vipande viwili vya chini ya paja, mabawa mawili, kidari vipande vinne, na mgongo vipande viwili. Hivyo ni vipande kumi na viwili, mbali na shingo, maini na firigisi.

Wapishi wengi walioiga kuku wa mjini hukosea katika hatua inayofuata. Kuku wa kisasa anayeuzwa pamoja na chipsi mitaani ni wa wiki tano au sita. Hakutembea, nyama yake ni laini, naye huweza kutiwa katika mafuta akiwa mbichi, akaiva. Pora wa kienyeji ametembea tangu kuanguliwa. Akitiwa katika mafuta akiwa mbichi, ngozi yake hugeuka rangi ya kahawia ilhali nyama iliyo karibu na mfupa ingali na damu, na iliyoiva huwa ngumu kama kamba. Kwa hiyo hana budi kuchemshwa kwanza. Vipande huwekwa katika sufuria pamoja na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, tangawizi iliyopondwa, punje nne au tano za kitunguu saumu na maji ya nusu limau, kisha hutiwa maji ya kufunika nyama tu. Moto uwe wa wastani, sufuria ifunikwe. Pora huhitaji dakika arobaini hadi saa moja. Jogoo mzee huweza kuchukua saa moja na nusu na kuzidi. Kipimo kizuri kuliko saa ni ncha ya kisu: ikiingia katika paja pasipo kusukumwa, na maji yatokayo yakiwa meupe pasipo wekundu, kuku ameiva. Asiachwe mpaka nyama ikaanza kuachana na mfupa, kwa kuwa atavunjikia katika mafuta.

Faida ya kuchemsha si ulaini peke yake. Kuna supu, nayo ni nusu ya pili ya kuku. Katika nyumba ya watu wanane kuku mmoja wa kukaanga huonekana mdogo. Lakini kila mtu akianza na bakuli dogo la supu ya moto iliyotiwa limau, shingo na mgongo vikiwa vimebaki humo kuipa ladha, karamu huwa imekwisha kuongezeka bila kuchinja kuku wa pili. Bibi asiye na meno atakuwa amepata haki yake pia.

Vipande vikishatolewa, vitandazwe juu ya sinia safi, vifunikwe kwa chandarua cha chakula, vikauke kwa muda wa kama nusu saa. Mpishi mwenye haraka asiirukie hatua hii. Maji ndiyo yanayofanya mafuta yaruke na kuunguza mikono na nyuso. Nyama ikiwa kavu, hupakwa pilipili manga na bizari kidogo. Anayetaka gamba la kuvunjika meno yanapouma huipitisha katika unga wa ngano uliotiwa chumvi, akaukung'uta unga wa ziada. Namna hiyo ya unga ndiyo inayojulikana sana katika majimbo ya kusini ya Marekani, ambako kwa sehemu kubwa ilikuzwa na mikono ya wapishi wenye asili ya Afrika. Katika mji wa Gordonsville, jimbo la Virginia, baada ya utumwa kukomeshwa, wanawake weusi waliwauzia abiria wa garimoshi kuku wa kukaanga kupitia madirishani, sinia zikiwa kichwani, na wapo waliojipatia nyumba kwa mapato ya kazi hiyo. Wauzaji wa kuku wa vituo vya mabasi vya Tanzania hawangehitaji mkalimani kuielewa habari hiyo.

Mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa kijijini yana tabia zake. Yakitoka mashineni huwa na utando, masimbi na unyevu. Anayeyatia jikoni siku hiyo hiyo huona povu likipanda hadi kumwagika motoni. Yaachwe yatulie kwa siku kadhaa, yamiminwe taratibu bila kutibua masimbi, kisha yachujwe kwa kitambaa safi kikavu. Tena hayavumilii moto mkali kama mafuta yaliyosafishwa kiwandani. Huanza kutoa moshi mapema, na moshi ukitokea sufuria haina budi kuteremshwa. Masimbi na mashudu visitupwe, kwa kuwa mashudu ni chakula kizuri cha kuku wanaobaki.

Si lazima mafuta yawe mengi. Kina cha vidole viwili katika sufuria pana chatosha, mradi vipande vigeuzwe. Kipande cha kitunguu kikitupwa humo, kikatoa mapovu mara moja na kuelea, mafuta yako tayari. Kikiungua papo hapo, yamepita kiasi. Vipande vitiwe vinne vinne, vikiteremshwa taratibu kuelekea upande ulio mbali na mpishi. Vikijazwa vyote kwa pamoja mafuta hupoa, nyama ikayanywa badala ya kukaangika, na ndiyo sababu kuku wa nyumba fulani huacha dimbwi katika sahani. Kwa vile nyama imekwisha kuiva, dakika tano hadi nane zatosha, mpaka ngozi iwe na rangi ya dhahabu iliyokolea.

Yafaa kukaa kidogo katika habari ya hatari, kwa sababu jiko la mafiga huwa chini, usawa wa uso wa mtoto. Sufuria isiyo na mkono juu ya mafiga yanayotikisika haifai kukaangia. Ijaribiwe ingali baridi, na ikicheza, jiwe libadilishwe. Mtoto asiwe mgongoni mwa mama wakati wa kukaanga, na wanaotambaa wapewe mtu wa kuwashika. Ncha za khanga zifungwe. Mafuta yakishika moto, maji yasimwagwe kabisa, maana moto utalipuka na kusambaa. Sufuria ifunikwe kwa mfuniko au sinia kavu, isisogezwe, kuni zitolewe. Mtu akiungua, sehemu iliyoungua imiminiwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika ishirini. Dawa ya meno, ute wa yai, asali na mafuta visipakwe. Aliyeungua usoni, au mtoto mdogo aliyeungua popote, apelekwe zahanati bila kungoja kuona kama malengelenge yatatokea.

Ugali wa mtama, uwele au mahindi hufaa vyote, kila nyumba kwa ghala lake. Pembeni pawe na mboga za majani. Mlenda wa Wagogo hauoni haya kukaa karibu na kuku wa kukaanga, na wako wasioona utamu wa kuku bila huo mlenda. Kachumbari ya nyanya na vitunguu ikamuliwe limau.

Lililobaki ni mgawanyo, nalo ni gumu kuliko upishi. Desturi nyingi humpa baba firigisi na mgeni paja, watoto wakaachiwa shingo na vidole, na aliyepika akala kilichogandamana na sufuria. Katika Buganda ya zamani wanawake walikatazwa kabisa kula kuku, ijapokuwa wao ndio waliompika. Miiko ya namna hiyo imedhoofika, lakini mkono wa kugawa bado huikumbuka. Baba wa nyumba hapunguziwi heshima akibaki na firigisi yake. Lakini mama mjamzito au anyonyeshaye, na mtoto wa miaka miwili, ndio ambao miili yao yaidai nyama kuliko wote, na hao ndio wasiofika sinia mapema. Chakula kinapowekwa katika sinia moja, mwenye mkono mrefu na meno imara hushinda. Kwa hiyo vipande vigawanywe jikoni kabla sinia halijatoka, kila mtu kipande chake kikijulikana. Katika mfano huu, vipande viwili vya mgongo vimebaki katika supu, vikasalia kumi. Mtoto mdogo apewe kipande cha kidari kilichochambuliwa, kisicho na mfupa wala pilipili, pamoja na maini yaliyopondwa. Watu saba waliosalia hupata kipande kimoja kila mmoja, na viwili vinavyozidi ni vya mama na bibi. Wapo wazee watakaonung'unika siku ya kwanza. Baba akitangaza mgawanyo huo yeye mwenyewe, manung'uniko huisha upesi kuliko ukitangazwa na mama.

Nyumba isiyo na jokofu imalize kuku jioni ile ile. Kilichosalia kwa bahati kifunikwe mahali penye ubaridi, na asubuhi kirudishwe motoni hadi kiwe cha moto kabisa mpaka ndani kabla mtu hajakionja. Supu iliyolala ichemshwe upya mpaka itokote. Mafuta yakishapoa yachujwe, yatiwe katika chupa kavu yenye mfuniko, na yawekwe gizani. Yaweza kutumika tena mara mbili au tatu. Yakigeuka meusi, yakatoa povu jingi au harufu kali, yasirudiwe, wala yasiongezwe mapya juu yake kwa kudhani kwamba yatapona. Mifupa ifukiwe shimoni, mbwa wasije wakaifukua na kuitawanya uani.